Nitaipataje njia tulivu ya baiskeli mashambani?

SWALI: Nimerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, na sasa ninaendesha baiskeli ya barabarani yenye matairi membamba. Kilomita 40 hadi 50 ninaziweza bila taabu kubwa, mradi milima isiwe mikali. Tatizo langu ni njia. Nikiiachia programu ya simu inichagulie, ama inanitupa kwenye barabara yenye malori, ama inanipeleka kwenye njia ya matrekta iliyojaa tope. Je, ipo namna ya kupanga mwenyewe njia tulivu ya lami inayopita mashambani, na kujua kabla sijatoka kwamba kweli itakuwa tulivu?

JIBU: Namna ipo, na haihitaji vifaa vya bei kubwa wala kumjua mwenyeji wa kila kijiji, ijapokuwa mwenyeji akipatikana asikilizwe. Linalohitajika kwanza ni kubadili swali unalojiuliza unapoitazama ramani. Watu wengi hutafuta barabara nyembamba, wakidhani kwamba wembamba ndio utulivu. Mimi nakushauri uiulize kila barabara jambo moja tu: mtu mwenye gari angekuwa na sababu gani ya kupita hapa? Barabara hujaa magari kwa kuwa inaunganisha mahali pawili ambapo watu wengi wanataka kwenda, na kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuwafikisha upesi zaidi. Ikikosa mojawapo ya mambo hayo mawili, hubakiwa na magari ya wakazi wake peke yao. Ukilijibu swali hilo kwa kila kipande cha njia yako utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya kazi; miinuko, hali ya lami, upepo na saa ya kutoka ni mambo ya kurekebisha baadaye.

Chukua mfano wa miji miwili iliyo umbali wa kilomita 15. Barabara kuu inayoiunganisha inazunguka kupitia vijiji, ina matuta na taa, na asubuhi huwa na msongamano. Karibu nayo ipo barabara ndogo ya lami inayokata moja kwa moja katikati ya mashamba. Kwenye ramani barabara hiyo ndogo huvutia macho mara moja, kwa sababu haina rangi kali, haina namba na haipiti mjini. Lakini kila dereva wa eneo hilo anaijua, na anayeifuata huifuata kwa sababu ana haraka. Hiyo ni njia ya mkato, na kwa mwendesha baiskeli njia ya mkato ni mbaya kuliko barabara kuu yenyewe, maana ina kasi ileile bila nafasi ya kupishana. Upande wa pili wa ramani huenda ipo barabara nyingine ndogo, inayojipindapinda kutoka kijiji hadi kijiji na kurudi nyuma kila mara, ambayo dereva akiifuata atatumia muda mara mbili. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Mipindo inayomkera mwenye gari haikupunguzii wewe kitu, kwa kuwa kilomita 45 unazotaka kuziendesha zitapatikana humo humo.

Baada ya kuizoea ramani kwa jicho hilo, utaanza kuona aina za barabara ambazo zimenyang'anywa sababu ya kupitiwa. Ninayoipenda kuliko zote ni barabara ya zamani ambayo kazi yake imechukuliwa na barabara mpya. Wahandisi wanapojenga barabara kuu mpya inayokwepa vijiji, ile ya awali haifutwi. Hubaki pale pale, ikiwa imejengwa vizuri, yenye miinuko ya wastani kwa sababu ilipaswa kupitisha mizigo mizito, lakini sasa ikiwa tupu. Kwenye ramani utaitambua kwa kuwa inaandamana na barabara mpya kwa kilomita nyingi, ikipita katikati ya vijiji ambavyo ile mpya inavizunguka. Tahadhari yake ni moja. Ikiwa barabara mpya inatozwa ushuru wa kupita, malori mengi hukwepa malipo kwa kurudi kwenye ile ya zamani, na hapo hesabu yote hugeuka.

Aina ya pili ni ukingo wa pili wa mto. Mabonde ya mito huvutia waendesha baiskeli kwa sababu ni tambarare, lakini kwa sababu hiyo hiyo yaliwavutia pia wajenzi wa barabara kuu na wa reli. Ni mara chache, hata hivyo, barabara kuu kujengwa kwenye kingo zote mbili. Kwa hiyo tafuta ni ukingo upi uliobeba barabara kuu, kisha uangalie kama upande wa pili kuna kijibarabara kinachounganisha vijiji vya pale. Kikiwapo, utapata tambarare ileile pasipo malori. Hakikisha tu kwamba madaraja ya kuvukia yapo mahali panapokufaa, kwa kuwa katika bonde kubwa daraja linaweza kuwa kilomita 10 au zaidi kutoka lile linalofuata.

Aina ya tatu ni barabara ambayo mwisho wake haupitiki kwa gari: pana nguzo zilizosimikwa katikati, au daraja jembamba la waenda kwa miguu, au kivuko kinachobeba watu bila magari. Kwa dereva huo ni mwisho wa safari, lakini kwako ni mlango. Ramani za kawaida huzionyesha barabara hizi kana kwamba zimekatika, na ndiyo maana inafaa kukuza ramani mpaka uone kama kati ya ncha mbili za lami pana mstari mwembamba wa nukta unaoziunganisha.

Njia za reli zilizofungwa na zile zinazofuata mifereji ya zamani ya mashua ni tulivu kupita kiasi, na miinuko yake ni midogo sana, kwa kuwa treni za kawaida hazikupenda kupanda zaidi ya asilimia 2 hivi. Nazitaja kwa tahadhari, kwa kuwa nyingi zimetandazwa changarawe iliyoshindiliwa badala ya lami. Kwa matairi ya milimita 25 changarawe hiyo huchosha. Kwa milimita 32 hupitika vizuri ikiwa kavu.

Kuna pia sababu za magari ambazo ramani haizitangazi. Machimbo ya mawe au mchanga, kiwanda cha kusindika mazao, ghala kubwa, jalala, shule kubwa iliyo nje ya mji: kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuijaza barabara ndogo isiyo na sifa yoyote kwenye ramani. Machimbo ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa malori yake ni mazito, madereva hulipwa kwa idadi ya safari katika sehemu nyingi, na mchanga unaomwagika kwenye kona huitelezesha baiskeli. Fungua picha ya setilaiti na utafute doa kubwa lenye rangi ya kijivu au nyeupe katikati ya kijani. Ukiliona, fuata kwa kidole barabara inayotoka hapo hadi barabara kuu, kisha uifute barabara hiyo kwenye mpango wako kwa siku za kazi. Siku ambayo machimbo yamefungwa, barabara ileile inaweza kuwa tulivu kabisa.

Kuhusu maana ya utulivu wenyewe, inafaa tuweke namba, kwa sababu neno hilo kila mtu hulipima kivyake. Tuseme barabara ina magari 60 kwa saa, 30 kila upande, yakienda kilomita 60 kwa saa, nawe unaendesha kilomita 20 kwa saa. Kwa kuwa nawe unasogea, magari ya upande wako yatakayokupita kwa saa nzima ni 20, si 30, na yale yanayokuja mbele yako yatakuwa 40. Maana yake ni kwamba utapitwa mara moja kila dakika tatu. Katika barabara ya namna hiyo unaweza kuzungumza na mwenzako, kusikia ndege na kuliona kila gari kama tukio la peke yake. Zidisha magari hayo mara nne, na utapitwa kila baada ya sekunde 45, na hapo mtu huanza kuendesha huku mabega yameinuka. Zaidi ya hapo, gari linalokupita huweza kukutana na linalokuja mbele pale pale ulipo, na kwenye barabara nyembamba hilo ndilo linalomfanya dereva akubane. Kipimo changu ni hicho cha dakika tatu kwa njia iliyo tulivu hasa, na dakika moja kwa kipande kifupi cha kuunganisha ambacho hakikwepeki.

Sasa tuje kwenye programu yako ya simu, ambayo nadhani inalaumiwa kwa kosa lisilo lake. Programu nyingi za kupanga njia za baiskeli hutumia data ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 ambao ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea. Kila barabara mle hupewa daraja kulingana na umuhimu wake katika mtandao wa barabara, na mara nyingine, si kila mara, huongezewa maelezo ya aina ya uso wake, kama ni lami, changarawe au udongo. Idadi ya magari kwa kawaida haimo. Programu inapokuchagulia njia, basi, inakisia wingi wa magari kwa kutazama daraja la barabara, na pale ambapo uso haukuandikwa inakisia pia kama ni lami. Ndiyo maana inakutupa kwenye njia ya mkato yenye malori, kwa kuwa daraja lake ni dogo, na kukupeleka kwenye tope, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba pale pana udongo. Itumie programu kuchora njia, kupima umbali na kuihifadhi kwenye simu au kifaa cha GPS. Kuchagua chagua mwenyewe. Weka alama za kupitia zikiwa karibu karibu, moja kila kilomita mbili au tatu, ili isipate nafasi ya kukurudisha kwenye njia inayoipenda yenyewe.

Ramani za joto, kama ile ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, inayoonyesha mahali ambapo watu wengi wamepita, zina faida yake, lakini si ile inayodhaniwa. Zinathibitisha kwamba barabara inapitika kwa baiskeli na kwamba huenda ina lami, hasa ukichagua kuonyeshwa baiskeli peke yake. Hazithibitishi utulivu, kwa sababu wengi wanaorekodi safari zao ni watu wa mazoezi ya kasi, ambao hupenda barabara pana iliyonyooka na hutoka alfajiri wakati hata barabara kuu imelala. Mstari mwekundu sana usikushawishi. Mstari hafifu lakini usiokatika ndio huwa na habari njema zaidi.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha mpango mzuri na bahati nasibu, nayo ni kuitazama barabara yenyewe kwa picha. Pale ambapo picha za usawa wa barabara zipo, fungua picha moja kila baada ya kilomita chache na usome unachokiona. Mstari mweupe wa katikati unakuambia kwamba mamlaka ya barabara inatarajia magari mawili kupishana kwa kasi. Ukikosekana, ni dalili njema. Tazama kingo za lami. Zikiwa zimemeguka na kuliwa kama mkate uliong'atwa, na nje yake pana mfereji wa udongo uliokandamizwa, basi magari makubwa hupishana hapo na huwa yanalazimika kushuka pembeni. Zikiwa kamili, na nyasi zimeinamia lami bila kukatwa na matairi, wanaopita ni wachache. Dalili iliyo bora kuliko zote ni ukanda wa nyasi au ukoga unaoota katikati ya lami, kati ya njia mbili za matairi. Nyasi hazioti mahali panaposuguliwa kila saa, na ukiziona hapo huhitaji takwimu nyingine yoyote, isipokuwa kukumbuka kwamba katikati huteleza baada ya mvua na kwamba unapaswa kushika njia moja ya tairi. Angalia pia tarehe ya picha: ya miaka kumi iliyopita inaonyesha jinsi barabara ilivyokuwa, na tangu wakati huo huenda pamejengwa makazi mapya mbele yake.

Umetaja milima, na hapa ningependa tuende polepole, kwa sababu jumla ya miinuko ambayo programu inakuonyesha hudanganya kwa namna mbili. Kwanza, kipimo chenyewe. Kwa mtu wa hali yako, njia yenye wastani wa mita 10 za kupanda kwa kila kilomita, yaani mita 450 katika kilomita 45, ni njia ya vilima laini; ikifika mita 15 kwa kilomita utaihisi miguuni, na kuanzia 20 ni nchi ya milima. Lakini mita hizo 450 zinaweza kuwa mawimbi thelathini madogo yasiyokulazimisha kusimama kwenye pedali, na zinaweza pia kuwa kuta tatu. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85 kwa pamoja, kupanda mwinuko wa asilimia 5 kwa kilomita 10 kwa saa kunahitaji takriban wati 115 za kushindana na mlima peke yake, kiasi ambacho mtu mwenye afya aliyezoea kuendesha anaweza kukihimili kwa muda mrefu. Mwinuko ukiwa asilimia 10 kwa mwendo huo huo, wati hizo huwa 230. Ukitaka kubaki kwenye zile 115 itakubidi ushuke hadi kilomita 5 kwa saa, na katika mwendo huo baiskeli huanza kuyumba. Kwa hiyo usiulize tu jumla. Tafuta mwinuko mkali kuliko yote, urefu wake, na kilomita ambayo unaanzia.

Namna ya pili ya kudanganya inatokana na data. Programu nyingi hutegemea vipimo vya ardhi vilivyokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu mnamo Februari 2000, ambavyo huipima dunia kwa miraba yenye upana wa mita 30 au 90. Rada hiyo ilikuwa ikiona vilele vya miti mahali penye msitu, na barabara inayopita ubavuni mwa kilima chenye mteremko mkali huweza kupewa kimo cha ardhi iliyo juu au chini yake. Matokeo yake ni vilima bandia kwenye mchoro wa njia, mwinuko wa ghafla wa asilimia 18 ambao haupo, au daraja linaloonyeshwa likitumbukia bondeni. Pale unapokuwa na shaka, rudi kwenye mistari ya kontua ya ramani, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo sawa. Kwenye ramani ya 1:50,000 ambayo kontua zake zinapishana kwa mita 20, pima umbali kati ya kontua mbili ukifuata barabara yenyewe: milimita 8 ni mita 400, yaani mwinuko wa asilimia 5, milimita 4 ni asilimia 10. Barabara inayokwenda sambamba na kontua ni tambarare hata kama imezungukwa na milima, na kati ya njia zote za mashambani hizo ndizo zenye mandhari pana kuliko nyingine, kwa kuwa upande mmoja unatazama bonde zima chini yako.

Katika nchi tambarare kabisa, mlima wako ni upepo. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, hewa inakupiga kwa kilomita 40, na kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, nguvu inayokurudisha nyuma ni mara nne ya ile ya siku isiyo na upepo. Panga mzunguko wako ili nusu ya kwanza, ungali na nguvu, ikabiliane na upepo, na wakati wa kurudi upepo uwe nyuma yako. Barabara zenye miti au mabonde ya kina kifupi zitumie kwenda. Zile za uwanda wazi zitumie kurudi.

Kuhusu kuvuka barabara kuu, na karibu kila njia ya mashambani huivuka mahali fulani, ushauri wangu ni kuipa nukta hiyo moja uzito kuliko kilomita kumi za mashamba. Hatari ya safari tulivu imekusanyika pale. Vuko zuri ni lile la moja kwa moja, ambapo barabara yako ndogo inaendelea ng'ambo papo hapo, unaona pande zote mbili mbali, au pana daraja la juu au kipito cha chini. Vuko baya ni lile linalokulazimisha kuingia barabara kuu, kwenda mita 300 katikati ya malori, kisha kukata kuvuka mkondo wa magari yanayokuja. Upande wa kuzungukia nao una maana. Katika nchi ambazo magari hupita kushoto, mzunguko unaokwenda kinyume cha saa utakufanya ukate kushoto mara nyingi bila kuvuka mkondo. Katika nchi ambazo hupita kulia, zungukia upande wa saa. Wakati mwingine kugeuza njia tu bila kubadili barabara hata moja hutosha kuiponya.

Huenda unajiuliza kama si rahisi zaidi kufuata njia ambazo wengine wamekwisha kuziwekea alama. Ni rahisi, na mahali zilipo nzuri nakuhimiza uzitumie. Mfumo ninaouona kuwa bora ni ule wa njiapanda zenye namba, uliobuniwa na Hugo Bollen, mhandisi wa migodi, na kuanza katika jimbo la Limburg nchini Ubelgiji mwaka 1995 kabla ya kuenea Uholanzi. Kila njiapanda ina namba yake. Unaandika orodha ya namba kwenye kikaratasi na kuzifuata, ukifupisha au kurefusha safari ukiwa njiani. Njia ya Loire nchini Ufaransa, yenye kilomita zipatazo 900, inaufuata mto kwa sehemu kubwa kupitia barabara ndogo na njia za kando ya maji, na ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Hata hivyo alama si dhamana. Uingereza ilianza kujenga mtandao wake wa taifa wa njia za baiskeli mwaka 1995, na mwaka 2020 wasimamizi wake waliondoa au kubadilisha hadhi ya takriban robo ya mtandao huo, hasa sehemu zilizopita kwenye barabara zenye magari mengi na ya kasi. Barabara iliyokuwa tulivu ilipowekewa alama inaweza kupata magari baadaye, na kibao hakitoki chenyewe. Hata njia yenye kibao, basi, iulize lile swali la sababu ya gari.

Saa na siku ni nusu ya utulivu. Barabara ileile hubadilika kabisa kati ya saa ambayo wazazi wanapeleka watoto shule na saa mbili baadaye. Asubuhi ya siku ya mapumziko ndiyo bora karibu kila mahali, isipokuwa barabara zinazoelekea ufukweni au kwenye vivutio, ambazo siku hiyo ndiyo hujaa. Wakati wa mavuno tarajia matrela ya mazao kwenye barabara ambazo mwaka mzima huwa tupu, na tope linalodondoka kutoka kwenye magurudumu yake. Dereva wa trekta kwa kawaida huenda taratibu na hukuona mapema. Mpishe mahali penye upana naye atakumbuka.

Neno moja zito kuhusu usalama. Utulivu haumaanishi kwamba gari moja linalopita ni salama. Kwenye barabara tupu dereva huamini kwamba hakuna mtu mbele, na huingia kona kwa mwendo ambao asingethubutu mjini. Kwa hiyo, kwenye kona isiyoonekana mbele usijibanze ukingoni kabisa, bali kaa umbali wa mita moja hivi kutoka ukingoni, ili uonekane mapema na ili umnyime dereva wa nyuma kishawishi cha kukupita pale pale. Washa taa ya nyuma hata mchana, hasa mahali ambapo miti hufanya kivuli na jua kupokezana. Usizibe masikio kwa muziki, maana kwenye njia ya namna hii sikio hukujulisha gari kabla ya jicho. Na kwenye mteremko wa barabara ndogo shuka kwa mwendo unaokuruhusu kusimama ndani ya umbali unaouona, kwani baada ya kona anaweza kuwapo ng'ombe, mbwa au changarawe.

Vifaa navigusia kwa ufupi. Ikiwa fremu yako ina nafasi, weka matairi ya milimita 28 au 32 na upunguze upepo kidogo. Barabara ndogo huwa na viraka, na tairi pana lenye upepo wa kadiri hupita juu yake kwa ulaini bila kukupunguzia kasi ya maana. Beba tyubu mbili, pampu, vyuma vya kutolea tairi na viraka, kwa kuwa barabara isiyo na magari haina pia wa kukupa msaada, na ujizoeze kuziba pancha nyumbani kabla haijakupata njiani. Maji beba ya safari nzima ikiwa huna hakika ya kuyapata. Pakua ramani kwenye simu, kwa maana mabondeni mtandao hupotea.

Kwa safari ya kwanza panga mzunguko wa kilomita 35 badala ya 50, wenye umbo la namba nane kuliko duara moja, ili katikati upitie karibu na ulipoanzia na uweze kukatisha ukichoka au hali ya hewa ikibadilika. Ukirudi, fungua ramani siku hiyo hiyo kabla kumbukumbu haijafifia, uweke alama kwenye kila kipande kilichokukera na uandike kilikukera kwa nini: malori, kasi, lami mbovu, mwinuko. Kisha ubadilishe vipande hivyo tu, ukiacha vilivyobaki kama vilivyo.